Muda wa Kitenge Kukauka

Vita vilipofika Kalehe, mwezi wa kumi na moja mwaka 1996, Orpa alikuwa na umri wa miaka ishirini. Nyumbani kwao walikuwa wanawake watatu na mtoto mmoja: mama yao, ambaye miguu ilikuwa imemkataa tangu masika, Mariette, dada mkubwa, mjane, Orpa mwenyewe, na Constance, binti wa Mariette, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minne.

Siku ya kukimbia, mama yao aligoma. Alisema hawezi kutembea na hataki kubebwa kama gunia la mihogo, wao waende tu, yeye atabaki na mbuzi wake. Majirani wote walikwisha kuondoka. Mariette na Orpa wakatoka wakilia, wakatembea mpaka pale njia ya kijiji chao inapokutana na barabara iendayo Minova. Hapo Mariette akasimama. Miguu yake ilikuwa mizima, lakini hakuweza kwenda mbele. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa mdogo wake.

“Ungoje hapa,” akamwambia. “Narudia kuchukua mama. Usitoke hapa, Orpa, hata watu bakikuambia nini.”

Akarudi mbio njia ile ile waliyojia.

Kuna mambo ya siku ile ambayo Orpa hakuyabadilisha kamwe. Mtoto aliharisha. Orpa akamwosha katika kijito kilichokuwa kando ya barabara, akakifua kitenge alichobebewa, cha kijani chenye picha za ndege, akakitandaza juu ya kichaka. Watu walipita, wengine wakitembea, wengine wakikimbia. Milio ya bunduki ilisikika upande wa kusini. Likaja lori la maharagwe, na dereva akapaza sauti kwamba imebaki nafasi ya mtu mmoja na kwamba nyuma yake hakuna gari jingine. Orpa akapanda na mtoto. Kitenge kikabaki kichakani.

Jambo moja tu ndilo lililobadilika kila aliposimulia: muda aliongoja kabla lori halijafika.

Alipita Sake, akapita Rutshuru, akavuka mpaka wa nchi pale Ishasha, na mwezi wa pili mwaka 1997 akafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa na sufuria moja na mtoto aliyekonda hadi kubaki macho. Wakampa kiwanja upande wa Rubondo, turubai, na kadi ya chakula ya watu wawili. Jirani yake alikuwa Mukamazimpaka, mama wa Kinyarwanda aliyekwisha kuzoea maisha ya pale. Huyo ndiye aliyemwazima jembe la kwanza na kumpa mbegu za maboga. Siku moja wakipalilia, alimwuliza kama dada yake hakumngoja. Orpa akamjibu kwamba alimngoja mpaka jua likafika utosini. Mukamazimpaka akatikisa kichwa kukubali, na moyo wa Orpa ukatulia kidogo.

Mwaka uliofuata aliombwa kutoa ushuhuda kanisani. Mbele ya watu alisema alingoja mpaka jua likatua. Wakati huo alikuwa tayari anakumbuka kivuli cha kile kichaka kikihama kutoka upande huu kwenda upande ule, na mzee mmoja aliyepita asubuhi amebeba kuku wawili, akapita tena alasiri mikono mitupu. Na Constance alipofika miaka saba akaanza kuuliza habari za mama aliyemzaa, Orpa alimwambia, “Nilingoja siku mbili, mwanangu. Nililala na wewe pale pale barabarani. Asubuhi nywele zako zilikuwa na umande.”

Msikilizaji asidhani kwamba Orpa alikuwa mwongo. Hakuwa mwongo wa kutunga. Maisha ya Nakivale yalikuwa ya kulima, kuteka maji na kupanga foleni ya posho, siku moja ikifanana na nyingine, hata ungemwuliza alifanya nini mwaka mzima wa 1999 angekujibu kwamba alilima maharagwe, basi. Mwaka huo kwake ulikuwa mfupi kama kikohozi. Lakini pale njia panda alikuwa akirudi kila siku. Akichochea moto, yuko pale. Akimkosha mtoto, yuko pale. Kila aliporudi alikuta kitu kingine ambacho hakukiona kwanza, na kila kitu kilitaka muda wake wa kutokea. Mahali ulipokaa moyoni miaka mingi namna hiyo, utaaminije kwamba ulikaa kidogo?

Alimlea Constance vizuri. Seremala mmoja wa Kongo, Appolinaire, alimposa mara mbili, na mara zote mbili alimkataa kwa sababu aliogopa mtoto asije akaitwa wa kambo. Alianza biashara ya mitumba. Kila wiki alikwenda Mbarara kuchukua nguo kwa Wahabu, mfanyabiashara mwenye duka karibu na soko, akarudi kuziuza Rubondo. Swabulah, mke wa Wahabu, aliuza chai na chapati kwenye baraza la duka hilo, na wanawake hao wawili walizoeana hata Swabulah akawa anamwita mama Konsi, kwa kulifupisha jina la Constance. Kwa biashara hiyo Constance alisoma mpaka kidato cha nne.

Mwishoni mwa mwaka 2012 vita vilipamba moto tena Kongo, na wakimbizi wapya wakaingia Nakivale kwa maelfu. Siku moja Orpa alikuwa kwenye foleni ya chakula, na mwanamume wa makamo aliyekuwa mbele yake akageuka akamkazia macho. Jina lake lilikuwa Emery. Akaomba radhi, kisha akamwuliza kwa upole, “Mama, we na Mariette wa Bulenga munatoka tumbo moja?”

Orpa alimjibu kwamba dada yake Mariette alikufa mwaka wa tisini na sita. Emery akasema basi huenda ni mwingine, lakini yule anayemjua yeye ana sura hiyo hiyo na kovu la kisu kwenye kidole gumba cha kushoto, na wiki tatu zilizopita alimwacha ufukweni akiuza sambaza, wale dagaa wa kwao. Orpa akaiacha foleni. Kovu lile alilifahamu, maana kisu chenyewe alikuwa amekishika yeye, akiwa na miaka sita.

Ilichukua siku tisa kupata namba ya simu ya jirani wa Mariette. Simu ilipopokelewa, mwanzoni ilisikika pumzi tu. Kisha Mariette akauliza neno moja. “Mutoto?”

“Yuko,” Orpa akasema, akimwita kama mdogo anavyomwita dada mkubwa kwao. “Amekuwa mukubwa, yaya.”

Walilia mpaka salio likaisha.

Mariette alifika mwezi wa nne mwaka 2013. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mvi nyingi kuliko umri wake. Aliolewa tena baada ya vita, mume akafa, na hakupata mtoto mwingine. Constance alikuwa msichana wa karibu miaka kumi na minane. Alimpigia magoti, akamkumbatia, akamwita mama mkubwa kama ilivyo desturi kumwita dada ya mama. Jina la mama lilibaki la Orpa. Hakuna aliyemsahihisha. Mariette alilipokea jina la mama mkubwa kama mgeni anavyopokea kiti anachoonyeshwa, hata kama kiti kilichokuwa chake kimekaliwa.

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha. Wanawake wa kanisa walikuja na unga, ndizi na nyimbo. Siku moja walikaa uani, wakamwomba Orpa awasimulie tena habari yote mwenye habari akiwepo. Constance alikuwa kisimani. Orpa akasimulia kwa moyo mkunjufu: kijito, lori, siku mbili, umande. Wanawake wakamsifu Mungu, wakaaga.

Mariette alibaki akikunja mkeka. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo dogo la nyumbani, “Orpa. Ile kikwembe ya mutoto, ile ya ndege. Nilikuta ingali inatonya mayi.”

Kisha akauegemeza mkeka ukutani, akaenda kutazama chungu.

Kwanza Orpa alitafuta njia ya kutokea. Labda mvua ilinyesha. Labda ulikuwa umande wa ule usiku. Labda Mariette alikikuta kitenge cha mtu mwingine, au miaka imemchanganya. Alikaa na hizo labda siku nzima. Asubuhi ya pili, Constance na Mariette walipokwenda shambani, alichukua kitenge kimoja kizito katika mitumba yake, akakilowesha, akakitandaza juu ya ua wa minyaa. Kisha akaanza kufagia uwanja. Hakuwa amefika mlangoni kitenge kikaacha kutonya. Alipokwisha kupika uji na kuosha sufuria, pembe zake zilikuwa zimekauka. Akakilowesha mara ya pili, akakaa mbele yake bila kufanya kazi nyingine. Kikafanya vile vile.

Tangu siku hiyo hakuweza kumtazama dada yake usoni. Alimpa kitanda chake, yeye akalala chini. Nyama ikipatikana, kipande kikubwa kilikwenda kwenye sahani ya Mariette. Alimpa viatu vizuri vilivyotoka katika marobota, akampa sweta, akampa mwavuli. Mariette alivipokea vyote bila kuuliza sababu. Na kadiri alivyovipokea kimya ndivyo Orpa alivyozidi kuumia, kwa maana alijua kwamba anavitoa ili asiseme neno. Na bado, akifumba macho, zile siku mbili zilikuwepo. Aliliona jua likizama na kuchomoza. Alijua sasa kwamba haikuwa hivyo, na bado aliona.

Mwezi wa saba Mariette alitakiwa kwenda Mbarara kupigwa picha ya kifua, kwa kuwa kikohozi kilimsumbua. Constance akamsindikiza. Orpa naye alikuwa na safari yake ya kuchukua nguo, hivyo walikubaliana kwamba wale wawili wakimaliza hospitali watamkuta dukani kwa Wahabu, saa nane, warudi pamoja.

Orpa alimaliza mapema. Akachagua nguo zake, akafunga robota, akaketi kwenye benchi la Swabulah barazani. Swabulah akamwekea chai ya maziwa, akaendelea kuhudumia wateja. Barabara ilikuwa na pikipiki, wauza mananasi, wanafunzi wenye sweta nyekundu. Orpa alitazama upande ambao wangetokea. Hawakutokea. Akawaza kwamba Mariette, akiwa peke yake na Constance kwa mara ya kwanza siku nzima, atakuwa amemwambia. Akawaza wamekaa mahali, mtoto analia, au halii, amenyamaza tu. Akawaza kwamba wamepanda gari lingine, wameondoka, hawatarudi kwake kamwe. Alitazama, hawapo. Akatazama tena. Wale wanafunzi walionekana kupita mara nyingi. Akasimama, akajitwika robota, akamwambia Swabulah kwamba anakwenda, amengoja vya kutosha, jua linakwenda kuzama naye ana safari ndefu.

Swabulah aliacha kukoroga sukari, akamtazama kama anayemtazama mgonjwa.

“Wewe mama Konsi, unaenda wapi?” akasema. “Umekaa hapa dakika ishirini peke yake. Gusa hiyo chai, bado iko moto.”

Orpa akatazama saa ya ukutani ndani ya duka. Ilikuwa saa saba na nusu. Akagusa kikombe, kilikuwa bado na moto.

Akatua robota chini, akaketi. Hapo ndipo alipojua, na kujua huku hakukuwa kama kule kwa asubuhi ya kitenge. Ile asubuhi aliambiwa na nguo. Sasa aliambiwa na mwili wake mwenyewe. Hivi ndivyo ilivyokuwa pale njia panda: hofu ilimkalia, dakika ishirini zikawa siku, naye akaondoka akiamini kwa moyo wake wote kwamba amengoja kuliko binadamu yeyote angeweza. Na leo, baada ya miaka kumi na saba, akiwa mtu mzima, mchana kweupe, katika mji ambao hapakuwa na bunduki, alikuwa amesimama tena ili amwache dada yake. Kama si neno la Swabulah, angeondoka.

Mariette na Constance walitokea saa nane kasorobo. Walikuwa wakicheka jambo fulani lililotokea hospitali. Kifua kilikuwa salama. Constance akaichukua chai ya Orpa, ambayo hakuwa ameinywa, akaimaliza.

Njia nzima hadi Nakivale Orpa hakusema. Lakini Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani na kula, aliwaomba wote wawili wakae. Akasema kwamba zile siku mbili hazikuwepo. Akasema hapakuwa na usiku wala umande. Alitandaza kitenge, lori likaja kabla kitenge hakijaacha kutonya, naye akapanda. Akasema hajui kwa dakika ni ngapi, lakini ni chache. Akasema pia kwamba dereva hakumvuta mkono. Alipanda mwenyewe, na mtu mwingine aliyekuwa karibu, mwanamke mwenye mtoto, alibaki.

Mariette aliiangalia mikono yake. Kisha akasema, taratibu, “Siku mbili zilikuwako. Ni sisi tulingoja.”

Orpa hakuelewa. Mariette akaendelea. Alimkuta mama yao amekwisha kubadili nia, amekaa mlangoni na fimbo, anawaita. Akambeba mgongoni mpaka barabarani. Walipokuta kitenge na Orpa hayupo, Mariette alitaka waendelee mbele, kwa kuwa alidhani mdogo wake ametembea na watu. Lakini mama yao alikataa.

“Akasema, Orpa ameenda kutafuta mayi, atarudia. Tukitoka, atakuta hatuko, ataogopa. Tukangoja. Tulijificha ndani ya mihogo, nikawa natoka kuchungulia barabara. Siku ya pili, magaribi, mama akakufa. Nilimufunika na ile kikwembe.”

Kwa jirani, redio ilikuwa ikitangaza bei za mazao.

Orpa alipiga magoti mbele ya dada yake akaomba msamaha. Mariette hakumnyanyua, wala hakumsukuma. “Nilikusamehe zamani,” alisema, “wakati niliwaza umekufa. Sasa uko muzima. Inanibidi nianze tena.”

Aliyekuwa na ghadhabu alikuwa Constance. Hakupaza sauti. Alimwuliza Orpa neno moja tu, kuhusu ule umande. Alisema kwamba tangu utotoni hakuwa na kumbukumbu yoyote ya nyumbani, hata uso wa bibi yake, ila alikuwa nayo hiyo moja: asubuhi, baridi, kichwa chake kimelowa, na mtu amemkumbatia. Alikuwa akiirudia kila alipoona uchungu. Alidhani ni yake.

“Mimi ninaukumbuka, mama,” alisema. “Ninaukumbuka kabisa. Sasa nifanye nini nao?”

Kisha akainuka, akakusanya sahani za chakula.

Mwezi huo Mariette alipewa kiwanja chake upande wa Juru, na Constance akaenda kukaa naye. Hakuaga vibaya. Alikunja nguo zake, akaacha funguo juu ya meza, akasema atakuja. Wiki zikapita, akawa haji. Wakikutana sokoni alimsalimia kwa heshima, akamwuliza hali, akapita. Orpa alijifunza kupika chakula cha mtu mmoja na kila mara akakosea kipimo.

Katika miezi hiyo alifanya jambo ambalo watu wengine walilishangaa. Alikwenda kwa wale aliowahi kuwasimulia, mmoja mmoja, kuifuta habari. Alimwendea mchungaji Gakwaya, akamwomba nafasi, na Jumapili moja akasimama mbele ya kanisa lile lile akasema kwamba ushuhuda wake wa miaka mingi haukuwa wa kweli, hakungoja mpaka jua likatua. Baadhi ya wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja alimwambia nje kwamba mambo mengine ni afadhali kumwachia Mungu. Wateja kadhaa wakahamia kwa muuzaji mwingine.

Kwa Mukamazimpaka alikwenda mwisho. Yule mama sasa alikuwa mzee kabisa, macho yameingia ukungu, anakaa kwenye ngozi ya ng'ombe kando ya mlango. Orpa akamkumbusha siku ya kupalilia, akamwambia kwamba hakungoja mpaka adhuhuri.

“Nilijua,” akasema Mukamazimpaka.

Orpa akamwuliza mbona basi alikubali kwa kichwa.

“Ulikuwa na mtoto mgongoni,” akasema mzee. “Ningekuambia nini?”

Akamwomba amsogeze kivulini. Orpa akamsogeza, akamtekea maji, akaondoka.

Mariette ndiye aliyeanza kuja. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa pili mwaka 2014, kuomba moto, kwa sababu kiberiti kilimwishia alipokuwa njiani kutoka shambani. Au ndivyo alivyosema, ingawa kutoka Juru mpaka hapo ni mwendo. Alikaa kidogo. Baadaye akawa anakuja kila baada ya wiki mbili au tatu. Hawakuizungumzia tena njia panda. Walizungumza bei ya maharagwe, kikohozi, na habari za Constance, kwamba anajifunza cherehani kwa fundi mmoja pale Base Camp, penye ofisi za kambi, na ana mkono mwepesi. Siku moja Mariette alicheka kwa jambo alilolisema Orpa, kisha akanyamaza ghafla kama aliyejikuta amefanya asichokusudia. Orpa hakujifanya hakuona. Alijua kwamba kuanza tena ni kazi, na kwamba hakuna anayeweza kumharakisha mwenye kazi hiyo.

Constance alikuja mwaka uliofuata, 2015, mwezi wa tatu, siku ya Jumatano asubuhi. Orpa alikuwa uani akimenya mihogo. Msichana alikuwa amenenepa kidogo, amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Alisalimia, akasimama karibu na ua, hakukaa.

“Nina swali,” alisema. “Siku ile, nilikula nini?”

Kabla swali halijaisha kutoka mdomoni mwake, Orpa aliliona jibu. Lilikuja lenyewe, limekamilika: ndizi mbivu, imetolewa na mwanamke mwenye kilemba cheupe, na mtoto akila ikimpaka mashavuni. Aliliona hata ganda likianguka kwenye vumbi. Lilikuwa zuri na lilikuwa na uzito wa kweli, naye alijua kwamba Constance angelichukua, angelihifadhi. Akalishika kinywani.

“Sijui, mwanangu,” akasema. “Sikumbuki kama ulikula.”

“Nililia?”

“Ulilia. Hilo nalijua.”

“Kwa muda gani?”

Orpa aliacha kisu. Alijaribu kwa uaminifu wote, akarudi pale njia panda, akamsikia mtoto akilia na kulia, hakuona mwisho wake. “Mimi si mtu wa kuulizwa muda,” akasema. “Kwangu ulilia sana. Pengine ulilia kidogo.”

Constance akaingia ndani akatoka na kisu kingine, akaketi upande wa pili wa beseni, akachukua muhogo. Walimenya pamoja. Alimweleza habari za fundi wake, na za mteja mmoja wa Isingiro aliyekataa gauni la harusi mara tatu. Orpa akamwuliza kama kikohozi cha Mariette kimepungua, akamjibu kimepungua. Mara moja aliteleza akamwita Orpa mama, kama zamani, na hakujisahihisha.

Alasiri mawingu yakakusanyika upande wa Endiinzi. Constance akanawa mikono, akasema ni lazima awahi kabla ya mvua. Akasema watakuja Jumamosi, yeye na mama Mariette, kuchukua mbegu za karanga.

Jumamosi Orpa aliamka akafagia, akapika, akaketi mlangoni. Hakuwa na saa, na hakutaka kumwuliza mtu. Kila alipohisi kwamba siku imekwisha aliinuka, akalitazama jua, akakuta bado ni asubuhi, akaketi tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Walikuja wote wawili, Mariette mbele na mwavuli, na Orpa alikuwa bado amekaa pale.